Kikohozi kikipita wiki mbili, kapimwe

Mtu anaingia duka la dawa, anasema "nipe dawa ya kikohozi", anapewa chupa ya dawa ya maji na vidonge vya amoksilini, analipa, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza amekohoa kwa muda gani. Tunawataka wauzaji wa dawa waulize swali hilo kabla ya kupokea fedha, na anayejibu wiki mbili wamwelekeze zahanati.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi. Pua huzibuka ndani ya siku saba hadi kumi. Kikohozi kinaweza kuburuta hadi wiki ya tatu na kuisha chenyewe. Amoksilini haiui virusi. Kuimeza ovyo ni kuwazoesha bakteria, na siku ya nimonia dawa inagoma.

Kisipoisha, kitafutiwe chanzo. Pua inayoziba kila asubuhi, chafya mfululizo na macho kuwasha huashiria mzio: vumbi la godoro, mende, ukungu wa ukutani. Kamasi hushuka kooni usiku, ndiyo maana mtu hukohoa akilala. Wengine wana pumu, wengine kiungulia. Mwenye presha anayemeza captopril au enalapril akapata kikohozi kikavu amwambie daktari: huenda ni dawa hiyo, na ipo ya kubadilisha, ila asiiache kwa uamuzi wake. Hata matone ya kuzibua pua, yakitumika siku nyingi mfululizo, huizibisha upya. Na mtoto anayetokwa kamasi yenye harufu tundu moja tu la pua apelekwe hospitali. Huenda amejiingizia shanga au punje ya mahindi.

Moshi nao tumeuzoea kupita kiasi. Mama anapuliza kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, mtoto yuko mgongoni, na wote wawili wanavuta moshi uleule asubuhi na jioni. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini vifua vya leo haviwezi kusubiri mwaka huo. Kabla gesi haijafika, mafiga yahamie nje au ukuta utobolewe dirisha.

Linalotutia hofu zaidi ni kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kumfanya mtu apimwe makohozi, hata kama hana homa za jioni, jasho la usiku wala kukonda. Anayeishi na VVU asisubiri hata hizo wiki mbili. Wapo wanaojificha kwa kuogopa maneno ya majirani, na huko mafichoni wanawaambukiza watoto wanaolala nao chumba kimoja. Ugonjwa huu unapona. Tiba ya kawaida ni miezi sita, na katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure.