Kadi ya benki ugenini: wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanapoteza dola kwa kitufe kimoja

Mfanyabiashara wa Butembo anajua kubishana bei. Kabla ya kubadilisha dola zake katikati ya mji, anapita kwa kambisti wa kwanza, wa pili na wa tatu, akitafuta franga 10 zaidi kwa kila dola. Dola moja ikiwa kwenye franga 2,300, hizo franga 10 hazifiki hata nusu ya asilimia moja. Lakini mtu huyo huyo akifika Dubai, ndani ya duka la Deira, anatoa kadi ya benki, anabonyeza kitufe anachoonyeshwa na muuzaji, na pale pale anaacha asilimia 4 au 5 ya feza yake bila kubishana na mtu yeyote.

Namna inavyotokea ni rahisi kueleza. Kadi nyingi zinazotolewa na benki za Butembo na Beni ziko kwenye akaunti ya dola. Mashine ya kulipia ya Dubai, Kampala ao Nairobi inapoisoma kadi, inatambua kwamba ni ya dola, kisha inauliza: mteja anataka kulipa kwa feza ya hapa, ao kwa dola? Swali linaonekana kama heshima kwa mgeni. Dola ndiyo feza anayoijua, ndiyo anayohesabia nyumbani, basi anachagua dola. Hapo ndipo anapopunjwa. Akichagua dola, hesabu ya kubadilisha inafanywa na benki ya muuzaji ao kampuni inayoshirikiana nayo, kwa kiwango wanachojipangia wenyewe, na muuzaji mara nyingi anapata sehemu yake. Ndiyo sababu wauzaji wengine wanabonyeza dola wenyewe kabla hata mteja hajaona skrini. Akichagua feza ya nchi alimo, hesabu inafanywa na Visa ao Mastercard, kwa kiwango kilicho karibu sana na cha soko la dunia.

Dubai ndipo mahali pazuri pa kuhakikisha jambo hili, kwa sababu dirham ya Emirati imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997: dola 1 ni dirham 3.6725. Haipandi, haishuki. Kwa hiyo bidhaa za dirham 1,000 ni dola 272 na senti 29, leo na kesho. Mashine ikionyesha dola 286, hakuna haja ya mtaalamu wa uchumi: karibu dola 14 zimekwenda. Kwa mtu anayenunua vitambaa ao vipuri vya pikipiki vya dirham 30,000, ni zaidi ya dola 400. Feza hiyo ingesaidia kulipa forodha pale Kasindi.

Wako watakaosema kwamba hata ukichagua dirham, benki ya Butembo nayo itakata komisio yake. Ni kweli. Benki nyingi duniani zinakata asilimia 2 ao 3 kwa malipo ya feza ya kigeni. Lakini kuna benki zinazokata komisio ya malipo ya ugenini hata pale mteja alipochagua dola, maana duka liko nje ya nchi. Mteja wa namna hiyo anakatwa mara mbili. Kabla ya kusafiri, swali la kuuliza kwenye dirisha la benki ni moja: nikilipa nje ya Kongo, mnakata kiasi gani, na je, mnakata pia kama malipo yamefanyika kwa dola? Jibu likiwa asilimia 2 na mashine ya Dubai inachukua 5, hesabu imekwisha.

Kampala ina mambo yake. Anayetoa feza kwenye mashine analipa ada kwa kila safari ya kutoa, iwe ametoa shilingi 200,000 ao milioni moja. Kutoa mara tano kidogo kidogo, kama wanavyofanya wengi wakiogopa wezi wa Kikuubo, ni kulipa ada mara tano. Mashine nayo inaweza kuuliza swali lile lile la kubadilisha, tena kwa maneno matamu kwamba kiwango kimehakikishwa. Kilichohakikishwa ni faida yao. Kukataa hakuzuii feza kutoka: mashine itatoa shilingi vilevile, na kadi ya nyumbani itahesabiwa kwa kiwango cha Visa ao Mastercard.

Na anayebeba noti naye asijidanganye kwamba hakatwi. Maduka ya kubadilisha ya Kampala yanatoa kiwango kizuri kwa noti za dola 100 na 50, na kiwango cha chini kwa noti za 20, 10 na 5. Noti ya zamani inashushwa bei ao inakataliwa. Iliyopasuka kidogo, hata Beni sokoni Kilokwa hakuna anayeipokea. Hiyo nayo ni komisio, ila haiandikwi kwenye risiti.

Lakini sababu kubwa ya kuongelea kadi si hizo dola 14. Ni barabara. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni kama 80. Katika barabara hiyo magari yamechomwa na watu wameuawa katika mashambulizi ya ADF, na majambazi nao hawakukosa. Sheria ya kubadilisha feza hairuhusu msafiri kutoka Kongo na zaidi ya dola 10,000 mkononi, lakini hata dola 3,000 zinatosha kumfanya mtu awindwe. Tangu Goma iangukie mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025 na benki zake kufungwa, wakaaji wa Butembo na Beni wameona wazi kwamba hata feza iliyo benki inaweza kukwama. Wengi wakarudia mfuko wa ndani ya koti. Wanaeleweka. Ila feza iliyokwama inaweza kusubiriwa. Aliyeuawa barabarani kwa ajili ya mfuko harudi.

Kwa hiyo lawama haiwezi kubaki kwa mteja peke yake. Benki zenye matawi Butembo, kama Equity BCDC, Rawbank na TMB, zinatafuta wateja wa kadi. Basi zibandike ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa herufi zinazosomeka: komisio ya kulipa ugenini ni hii, ada ya kutoa feza kwenye mashine ya nje ni hii. Karatasi ya masharti yenye kurasa nyingi za Kifaransa cha wanasheria haimsaidii mama anayeuza viatu. Benki Kuu ya Kongo nayo ina uwezo wa kuwalazimisha. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2019 inalazimisha mteja aonyeshwe, kabla ya kubonyeza, asilimia anayoongezewa akichagua kubadilishiwa hapo hapo. Kongo haiwezi kuamuru mashine za Dubai, lakini inaweza kuamuru benki zake kumwambia mteja ukweli kabla hajapanda gari.

Wenye kulipwa kwa franga, kama walimu na wauguzi, wana shida zaidi. Kadi ya akaunti ya franga ikitumika Kampala, kwa mfano kulipa hospitali, feza inaweza kugeuzwa kuwa dola kwanza, kisha shilingi, na kila daraja lina mlinzi wake. Afadhali kuweka kiasi cha safari kwenye akaunti ya dola mapema, na kuchagua siku. Mwaka 2025 ulionyesha jinsi siku zinavyotofautiana: dola iliyokuwa juu ya franga 2,800 ilishuka chini ya 2,500 ndani ya muda mfupi. Aliyekuwa na franga alifurahi. Mwenye deni la dola alifurahi zaidi.

Sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ingefuta sehemu ya mambo haya kati ya Kasindi na Mpondwe. Ilipangwa kwa 2024, ikasogezwa hadi 2031. Kontena hazitasubiri.

Na kama muuzaji ameshabonyeza dola? Risiti inaonyesha: ikiwa na kiasi cha dola pamoja na kiwango cha kubadilisha, kazi imefanyika. Mteja aombe malipo yafutwe hapo hapo na yaanzishwe upya kwa feza ya nchi, kabla hajabeba mzigo. Akishatoka dukani, benki ya Butembo itamjibu kwamba alikubali mwenyewe.