Kabla ya Kusema "Zima Kelele Hizo!"

Mzazi akisikia saksafoni ikienda mbio sebuleni, aghalabu neno lake la kwanza huwa, "Zima kelele hizo!" Leo namwomba asubiri dakika saba tu.

Tuchukue santuri ya Sonny Rollins iitwayo Saxophone Colossus, iliyorekodiwa tarehe 22 Juni, 1956, mjini Hackensack, New Jersey, Marekani. Wanamuziki ni wanne: Rollins kwenye saksafoni, Tommy Flanagan kwenye piano, Doug Watkins kwenye besi na Max Roach kwenye ngoma.

Wimbo wa kwanza, St. Thomas, unaanza kwa ngoma peke yake. Kisha saksafoni inaingia na lahani nyepesi ya kuchezeka, ambayo Rollins aliisikia utotoni kwa mamake, aliyetoka Visiwa vya Virgin katika Karibi. Ishike lahani hiyo, uiimbe kimoyomoyo. Punde Rollins ataiacha. Atachukua sauti mbili tu, azirudie, azisukume, azigeuze, kisha aanze kukimbia. Wewe usiache kuimba. Utagundua kwamba hajapotea hata kidogo. Anaizunguka lahani ileile, na mwishowe anarudi nayo nyumbani. Hapo zile kelele hugeuka kuwa mazungumzo.

Santuri hiyo ilimletea Rollins sifa tele. Hata hivyo, mnamo 1959 aliacha kupiga hadharani kwa sababu hakuridhika na upigaji wake. Alitaka kufanya mazoezi, lakini aliishi katika nyumba ya ghorofa, na jirani yake alikuwa mja mzito. Hakutaka kumsumbua. Basi akawa anakwenda kwenye daraja la Williamsburg, jijini New York, akipuliza saksafoni juu ya mto, magari na treni zikipita kando yake. Aliendelea hivyo hadi 1961.

Wanafunzi, elimu ni bahari. Mtu aliyekwisha kuitwa jabali la saksafoni alirudi mazoezini kama mwanagenzi, bila kulazimishwa na mwalimu wala mtihani.

Nanyi wazazi, mtoto wenu aking'ang'ania gitaa au filimbi usiku na majirani wakaanza kunung'unika, msimnyang'anye. Mtafutieni daraja lake.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.