Kuachiliwa si kumaliza kesi

Kila mara mwenzetu anatoka gerezani na karatasi ya «liberté provisoire», kule kwenye mashimo tunapiga makofi na tunasema kesi imekwisha. Hapana. Kesi ingali iko. Wengine wetu wanarudishwa ndani, na si juu ya kosa la kwanza. Ni juu ya siku moja tu waliyokosa kujionyesha kwa majistra.

Mwenzetu mmoja, mtoto wa Ubwari anayechimba dhahabu upande wa Misisi, aliambiwa ajionyeshe kila siku ya kwanza ya juma. Alikuwa ameenda kwao kuona mama yake mgonjwa. Upepo ukakamata ziwa siku mbili, hakuna boti iliyotoka. Siku ya tatu akafika kwa parke mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Wakamfunga. Alikaa ndani wiki tatu, na hakuna aliyemwambia kama angeweza kulalamika.

Sheria inasema nini? Ile ya mwenendo wa kesi za jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, inamruhusu juji kumwachilia mshitakiwa kwa dhamana ya pesa na kumpa masharti: akae mahali parke iko, asipite mpaka fulani bila ruhusa, asiende sehemu kama bandari, ajionyeshe kwa siku zilizopangwa. Akivunja sharti, parke inaweza kumrudisha gerezani. Lakini sheria ile ile inampa saa 24 za kupeleka malalamiko kwa juji aliyemwachilia. Uamuzi wa juji huyo hauna rufaa. Saa hizo 24 njo mlango wake wa pekee, na watu wetu hawaujui.

Sursis ni jambo lingine, tusichanganye. Pale mtu amekwisha kuhukumiwa, ila adhabu imesimamishwa kwa muda usiopita miaka 5. Akifanya kosa jipya ndani ya muda huo na akahukumiwa, adhabu ya zamani inaamka na kujumlishwa na mpya. Mwenye sursis anayerudi shimoni bila karte ya mchimbaji acheze akijua hivyo.

Hatusemi masharti yaondolewe. Kuna watu walioibiwa, kuna waliopigwa, na wao pia wanangoja haki. Mtu akitoroka, pesa ya dhamana ipotee na yeye arudi ndani. Lakini kutoroka ni kitu kimoja, na kuzuiliwa na mawimbi ni kingine. Kwa mtu wa Ubwari, bandari njo barabara ya kwao. Ukimkataza bandari, umemkataza nyumba. Ukimwambia akae mjini, nani atalisha watoto wakati shimo lake limechukuliwa na mwingine?

Katiba yetu, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kawaida, kifungo ni kwa nadra. Kifungu cha 18 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoisikia. Basi tunaomba wakubwa wa sheria: masharti yasomwe kwa Kiswahili au Kibembe, siyo Kifaransa tu. Siku za kujionyesha zipangwe kwa kufuata safari za boti na hali ya barabara ya Fizi. Na kabla ya kumfunga mtu tena, aulizwe kwanza: ulikuwa wapi?

Mahakama inaweza kusogea karibu na watu. Februari 2011, korti ya kijeshi ilikuja mpaka Baraka kuhukumu askari kwa mabaya ya Fizi ya tarehe 1 Januari. Ikiwa korti nzima iliweza kusafiri, karatasi moja haishindwi kutafsiriwa.

Na sisi wenyewe? Kila shimo liwe na daftari la tarehe za wenzetu wenye kesi. PDG amwache mtu aende siku yake, asimkate mshahara. Anayekwama atume habari mbele, si nyuma, na achukue shahidi: mwenye boti, muganga, mkubwa wa kijiji. Tukikosa kufanya hivyo, tutaendelea kupiga makofi mara moja na kupeleka chakula gerezani mara mbili.