Okidi haitaki udongo

Na Zuhura Mbwana

Okidi inayouzwa zaidi kwa ajili ya kupamba nyumba ni Phalaenopsis, yenye maua mapana meupe au ya zambarau. Wengi wakishaifikisha nyumbani huihamishia kwenye udongo mweusi wenye samadi, kisha huimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Baada ya wiki chache majani yanalegea, na mizizi ikichomolewa inakutwa imeoza.

Kwao ni misitu ya Asia, hasa Kusini-Mashariki, ambako hujishikiza kwenye magome ya miti bila kuunyonya mti, mizizi ikining'inia hewani. Mizizi hiyo imevikwa ngozi nyororo inayofyonza maji upesi na kukaushwa na upepo. Ikifukiwa udongoni, inakosa hewa.

Watu wa Pwani hawana haja ya kuagiza chochote ng'ambo. Makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa hadi chumvi itoke, yakichanganywa na vipande vya mkaa ndani ya chungu chenye matundu, yanatosha kabisa. Chungu kikiwa cha plastiki inayoonyesha ndani, ni bora zaidi, kwa sababu mizizi yenyewe ndiyo inayotoa taarifa: ikiwa ya kijani, bado ina maji, ikigeuka nyeupe ya kung'aa, imwagiliwe hadi maji yachuruzike chini. Yasituame kwenye kisahani, wala katikati ya majani.

Maua ni suala la joto. Phalaenopsis hutoa kikonyo hali ya hewa inapopoa, chini ya nyuzi 25 hivi. Ndiyo maana chumba chenye joto la Dar es Salaam la Januari huishia kupata majani tu. Wakati wa kutumaini ni kipupwe, na mahali pake ni karibu na dirisha linaloingiza upepo wa usiku, mbali na jua la mchana.

Anayetaka okidi ya hapa nyumbani asiende kuing'oa porini. Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi, huishi juu ya miti kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Vijizizi vyake vyembamba husimama vikielekea juu, vikinasa majani makavu yanayoirutubisha. Inazidi kupungua kwa sababu ya wakusanyaji na ukataji miti. Mbegu zake ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu. Shina kubwa likishabanduliwa, mrithi wake huchukua miaka mingi. Mnunuzi amuulize muuzaji kama mmea umeoteshwa kitaluni, na asipopata jibu la kueleweka, auache.