Msikiti Wanao, wa Kuwasikiza Hawana

Kila mwaka ifikapo miezi ya Agosti na Septemba, mabasi ya kwenda bara hujaa vijana wetu. Huyu anakwenda Nairobi, yule Eldoret, mwingine Maseno. Mama humfungia mwanawe mikate na chupa ya achari, baba humpa nasaha ya swala tano, na msahafu hutiwa juu kabisa sandukuni usije ukakunjika. Akishafika huko, sisi huku pwani huona kazi yetu imekwisha. Chuo kina msikiti, na kama hakina basi kina chumba cha kuswalia. Chama cha wanafunzi wa Kiislamu kipo. La ziada ni lipi?

La ziada lipo, na aliyelitambua kabla yetu ni jirani yetu Mkristo. Namwomba msomaji mpenzi asilikunje gazeti kabla hajanisikiza.

Makanisa hayakutosheka na kujenga nyumba ya ibada karibu na chuo. Yamemweka mtu. Mtu huyo ni padri au kasisi ambaye parokia yake si mtaa wala kijiji, bali ni wanafunzi. Wenyewe humwita kapelani, na asili ya jina hilo yafaa kusimuliwa. Husemwa kwamba askari mmoja wa Kirumi, Martin wa Tours, alimkuta maskini akitetemeka kwa baridi, akalikata joho lake nusu kwa nusu akamsitiri nalo. Joho likatunzwa, na watunzaji wake wakaitwa kwa jina la joho kwa Kilatini. Kwa hivyo kapelani kwa asili yake ni mtunza nguo ya kusitiria watu. Sisi tuliofunzwa tangu udogoni kusitiriana hatuna haja ya mkalimani katika hilo.

Nenda Nairobi utaiona kanisa ya St Paul's pale University Way, ambayo Wakatoliki wameifanya ya chuo kikuu. Nenda Makerere, utakuta St Francis ya Waanglikana na St Augustine ya Wakatoliki kilimani humo humo, na msikiti pia upo. Lakini tusitazame kuta, tuitazame kazi. Kapelani huongoza sala, hiyo ni wazi. Baada ya sala ana ofisi na saa zinazojulikana. Aliyefiwa humwendea. Aliyekosa karo humwendea, na tangu mpango mpya wa kugharimia masomo ulipoanza mwaka 2023, hao si haba. Msichana aliyepatwa na jambo asiloweza kumwambia mamake humwendea. Mwanafunzi akilazwa, yeye humtazama wodini. Akifa, yeye husimama na wazazi mpaka maiti isafirishwe. Na aliloambiwa kwa siri hubaki kwake.

Hapa tusichanganye mambo. Wakristo pia wana vyama vya wanafunzi wenyewe, na muungano wa vyama hivyo, FOCUS, ulianzishwa hapa Kenya mwaka 1973. Vijana huongozana wao kwa wao. Vyetu navyo ni kama hivyo, na vinafanya kazi njema: daawa, futari ya Ramadhani, kuwapokea wageni. Lakini kijana wa miaka ishirini hawezi kuubeba msiba wa kijana mwenziwe wa miaka ishirini. Ndiyo maana kanisa, juu ya chama, likamtia mtu mzima.

Najua litakalosemwa barazani: hao wanatafuta kubatiza. Sikatai kwamba kasisi huhubiri. Asipohubiri atakuwa kasisi gani? Lakini tukisimama hapo tu tutakuwa tumejibu swali ambalo hatukuulizwa. Jirani yangu mmoja alifariki ghafla, mwanawe akiwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha bara. Kijana aliletewa habari kwa simu usiku, peke yake chumbani. Aliyekuja kukaa naye mpaka alfajiri, akamtafutia nauli na kumpeleka kituoni apande basi la kuwahi maziko, alikuwa padri wa chuo. Hakumpa kijitabu wala hakumtaja Yesu. Kijana yule anaswali mpaka leo. Aliporudi matangani aliulizwa na ami yake, kwa ukali, kwa nini alikubali kuongozwa na padri. Akajibu, "Ami, nani mwingine alikuja?"

Ami hakuwa na jibu, nami niliyekuwa nimekaa kando yake sikuwa nalo.

Kuna jambo zito zaidi, nalo lataka kutajwa kwa adabu. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa wa kwanza kuuawa walikuwa vijana wa Kikristo waliokuwa wameamka kusali. Kisha wauaji wakapita mabwenini wakiwatenga watu kwa dini zao. Wazazi walikwenda kuwatambua watoto wao Chiromo, Nairobi, na huko makasisi walikuwako wakiwashika mikono. Serikali ilipomtaja mmoja wa wauaji, alikuwa mwana wa chifu wa Mandera aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi akafuzu.

Tulisema, na tulisema kweli, kwamba huo si Uislamu. Lakini baada ya kusema hivyo tulinyamaza. Kijana yule alipita katika chuo ambacho hatua chache kutoka kwake mlikuwa na misikiti, Jamia ikiwa mmoja wao, yenye maimamu wajuzi. Sisemi kwamba nasaha ya mzee mmoja ingemzuia. Nasema kwamba wanaowavuta vijana katika uovu huo hawachoki kukaa nao, kuwasikiza na kuwaita ndugu, na sisi tunawasalimia Ijumaa kwa Ijumaa tukitafuta viatu vyetu mlangoni.

Tena jambo hili si geni kwetu kiasi cha kulionea haya. Kwetu neno chuo ni la zamani kuliko chuo kikuu. Maalim wa chuoni aliijua njaa ya kila mtoto aliyekaa mkekani pake. Pale Riyadha, Lamu, Habib Saleh aliwapokea wanafunzi waliotoka mbali, wakala na kulala chini ya uangalizi wa walimu wao. Na Mombasa, chuo kile tulichokiita MIOME, kilichopokea wanafunzi mwaka 1951 kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, ndicho kilichogeuka Polytechnic na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Tumeyaacha mazoea hayo njiani, mahali fulani kati ya mkeka na dawati.

Wenzetu wa ng'ambo wameshaanza. Georgetown, chuo cha Wajesuti kule Washington, kilimwajiri Imam Yahya Hendi mwaka 1999 awe kapelani wa wanafunzi Waislamu. Ati Wakatoliki ndio waliomlipa imamu mshahara! Uingereza nako, Markfield, Waislamu hufunzwa kazi hiyo kama fani yenye masomo yake, maana si kila anayejua kuhutubu anajua kusikiza.

Basi tatizo ni fedha? Sidhani. Tunachanga kwa kapeti na minara kila mwaka. Mshahara wa mtu mmoja Kilifi, palipo Chuo Kikuu cha Pwani, na wa mwingine Mombasa, hauzidi uwezo wa kamati za misikiti yetu zikikaa pamoja, na nyumba za wakfu zipo. Na tutakapoketi kuchagua, tusichague wanaume pekee. Wasichana wetu vyuoni ni wengi, na yapo ambayo binti hatamwambia sheikh hata akiwa na ilimu ya bahari saba. Atafutwe mwanamke mwenye dini na subira, apewe chumba chenye mlango unaofungika, na saa zake ziandikwe ubaoni ambapo kila mtu atazisoma.