KUWINDA NYAMBIZI NA KUOKOA WATU

Leo twageuza uso kutoka bahari yetu tukalitazama Ziwa Viktoria, kwani maji ni ndugu, na msiba wa Mwanza ni msiba wa visiwani.

Mwanza si mgeni wa ndege. Mnamo Februari 1931 Imperial Airways ilifungua njia kutoka London, na mwisho wake ulikuwa Mwanza. Sehemu ya safari ilikuwa kwa ndege zenye matumbo ya mashua, zituazo juu ya maji. Vita vilipokuja, ndege za jamii hiyo ziligeuzwa wawindaji. Catalina, yenye injini mbili za Pratt & Whitney, ilikaa angani mchana kutwa ikipekua bahari kwa rada, na ikiona nyambizi huitupia mabomu yapasukayo chini ya maji. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Bukini.

Lakini awindaye haokoi. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliopona walikuwa wakielea, na manowari za ulinzi zikaitupia nyambizi mabomu palepale walipo. Adui alitafutwa hata pale walipoelea watu.

Je, sisi tuliojitawala tumeipindua hesabu hiyo? Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa 228. Usiku ulipoingia msako ulisimamishwa. Na siku mbili baadaye fundi wa mitambo alitolewa tumboni mwa kivuko akiwa hai. Basi usiku ule palikuwa na roho ikipumua chini, na juu hapana amtafutaye. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani Bukoba, karibu kabisa na uwanja. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Walikufa 19 katika 43.

Watatujibu kwamba dawa ni kununua ndege. Sisi wenye maduka twajua: muuza baiskeli asiyeweka mipira na minyororo huuza huzuni. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus za Shirika la Ndege la Tanzania zililazwa chini kwa hitilafu ya injini za Pratt & Whitney, jina lilelile la Catalina, zikingoja dawa kutoka ng'ambo. Chombo bila ya vipuri ni pambo la uwanjani.

Kwa hiyo twataka mambo matatu, na kila mwanachama amwulize mwakilishi wake. Kwanza, wazamiaji na mashua za uokozi ziwe tayari usiku na mchana, ziwani na baharini. Pili, fedha ya vipuri itengwe kabla ya fedha ya chombo kipya. Tatu, wavuvi wapewe mafunzo na zana, kwani wao ndio hufika kwanza.

Dola zilizoweza kuisaka nyambizi katika bahari kuu hazikushindwa na maji. Nasi tusidanganywe kwamba mtu wetu aliye hatua chache kutoka ufukweni hatafutiki.