Nyumba ya Mawe Nayo Yataka Kutunzwa

Wengi wetu hapa Kariobangi, tuliozoea kuta za saruji, hudhani kuwa nyumba ya mawe ikisha kujengwa haina haja ya mtu tena. Nyumba za kale za Lamu zatufundisha kinyume.

Mawe yake ni matumbawe, na chokaa iliyoyaunganisha ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yayo hayo. Sakafu na dari hukaa juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ndefu mno haiwezi kubeba uzito huo, vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita tatu hivi. Mgeni hupokewa katika daka, ndio ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za kukalia. Mbele yake mna kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho ndani, ambamo ukuta umepambwa kwa safu za zidaka. Kadiri mtu aingiavyo, ndivyo siri ya nyumba izidivyo.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu ulitiwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 hulinda majengo yaliyotangazwa kuwa ya urithi. Lakini sheria haipandi darini kuziba tundu.

Adui mkubwa ni maji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hufungika ndani, nalo jiwe huanza kumomonyoka. Maji yakifikia ncha za boriti zilizomo ukutani, mti huoza pasipo mtu kuona.

Haya si maneno matupu. Huko Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Nalo lilikuwa katika Mji Mkongwe, uliotiwa katika urithi huo tangu mwaka 2000.

Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba ya kale akague paa kabla ya masika, atengeneze kwa chokaa, na vijana wafundishwe kazi hiyo wangali wapo mafundi waijuao. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa kale ukianguka, hata tajiri hawezi kuujenga ukawa wa kale tena.